Kipima Hewa cha Bondeni

Ofisini walimwita Bwana Hewa, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kuendesha modeli ya kompyuta inayokadiria uchafu wa hewa wa mkoa mzima. Unaimiminia upepo, joto na moshi wa viwanda, nayo inakupa ramani ya miraba yenye rangi. Kijani, pumua upendavyo. Nyekundu, jifungie ndani. Aliipenda ramani ile kama mwanawe wa kuzaa, na hapo ndipo alipoharibu.

Mama yake aliishi bondeni, chini ya matanuri ya matofali, na kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua.

"Mwanangu, moshi unanikaba. Nikahamie kwa dada yako?"

"Mama, nawe kwa wasiwasi! Mraba wenu ni wa kijani mwaka mzima. Kwa dada ndiko utakakovuta moshi wa magari. Tulia nyumbani."

Mama akatulia. Mwana amesoma, abishane naye kwa lipi? Ili kumridhisha, Bwana Hewa akamfungia kipima hewa kidogo juu ya bati, kitume vipimo ofisini, kisha akaendelea na shughuli zake.

Asubuhi moja jirani akapiga simu: mama amezidiwa, wamemkimbiza hospitali. Bwana Hewa alikuwa mezani kwake. Akatafuta vipimo vya bondeni. Hakuna hata kimoja.

Kipima hakikuwa kibovu. Kilituma kila saa, na kila saa kilitupwa na programu aliyoiandika yeye mwenyewe. Wenye kazi hii huchuja vipimo, maana vifaa vidogo vina uongo mwingi. Yeye alichuja kwa kutumia modeli: kipimo kikiachana nayo mno, kihesabiwe hitilafu. Halafu akalinganisha modeli na vipimo vilivyobaki, akaona vinapatana, akapigiwa makofi mkutanoni. Visipatane vipi, na kile kilichobisha ameshakifukuza? Mraba wenyewe ulikuwa mpana, umemeza bonde pamoja na msitu wote wa juu. Moshi wa matanuri ukagawanywa hadi kwenye miti, ukaonekana si kitu. Kifuani mwa mama yake haukugawanywa na mtu.

Alifika wodini akihema. Mama alikuwa amekaa kitako, kwa kuwa kulala hawezi, na barakoa ya oksijeni imemfunika uso. Daktari alikuwa akimuuliza kama anakoishi kuna moshi mwingi.

Mama akaisogeza barakoa. "Upo, daktari... lakini si mbaya. Huyu mwanangu... ndiye anayeupima."

Daktari akamgeukia Bwana Hewa, akingoja athibitishe. Alitaka kusema. Machozi yakamtoka mbele za watu, mtu mzima yule.

Mama akaunyoosha mkono, akamshika kiganja.

"Usilie, baba," akamwambia. "Kifua changu tu ndicho kibovu."