Namba Iliyocheza Mganda

Mwanangu, katika siku zangu zote hapa Matogoro ipo moja ambayo nikiikumbuka najicheka mpaka chai inamwagika. Nilikuwa kidato cha pili, miguu mirefu, kichwa kimejaa upepo, na katika mstari wetu wa ngoma ya mganda mimi ndiye niliyesimama mbele kabisa, soksi nyeupe mpaka magotini.

Shuleni mwalimu alikuwa ametupa namba moja ya ajabu: 142857. Niliitembeza mtaani kama jogoo mpya. Toa simu yako, usimwamini mzee. Zidisha kwa mbili: 285714. Kwa tatu: 428571. Tarakimu ni zile zile sita, zinafuatana vile vile kwa kuzunguka, ila inayoanza imebadilika. Mpaka kwa sita haichoki.

Basi, tukijiandaa kushindana na kikundi cha Hanga, baba mkubwa, kiongozi wetu, akapuliza firimbi na kunionyesha mkia wa mstari. "Nenda nyuma. Huko wanapoteza hatua."

Mpanda ngazi hushuka, lakini mimi sikutaka kushuka. Nikavua soksi, nikasema sichezi tena. Bila mimi mstari ungebaki na pengo, na Hanga wangetucheka hadi Pasaka nyingine.

Baba mkubwa hakufoka. "Hebu, msomi, ile namba uliyotuchosha nayo. Kwa tatu, ile moja ya mbele inakwenda wapi?"

"Nyuma kabisa, baba mkubwa."

"Inalia?"

Wenzangu wakaangua kicheko. "Hailii."

"Inavua soksi?"

Nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Na ikitoka mstarini?"

"Namba haizunguki tena."

"Haya. Na kwa saba?"

Nikaandika mchangani kwa kijiti: 999999. Akainama, akazitazama tisa zile zote sita, uso ukamng'aa. "Aa! Hapo zimevaa sare."

Nikavaa soksi zangu. Siku ya mashindano nilicheza nyuma, nimenuna kidogo, sitakudanganya. Katikati ya wimbo firimbi ikalia, mstari mzima ukageuka, na aliyekuwa mkia akawa kichwa. Mimi! Kumbe mzee alitaka mgeuko ule uongozwe na miguu isiyobabaika. Hanga wenyewe walipiga makofi. Mama akaruka uwanjani akanivika khanga yake shingoni. Mcheza kwao hutunzwa, ati.

Wenzangu wengi wamefika mbali. Mimi nimezunguka hapa hapa kama namba ile: leo mbele ya msafara wa harusi, kesho nyuma kwenye masufuria, na sasa firimbi ninayo mimi. Sijapungua kitu, ukiacha meno.

Kwa hiyo, mwanangu, ukirudishwa nyuma usivue soksi. Uliza huko wanakuhitajia nini, kisha ukifanye kwa fahari, maana pengo lako litauangusha mstari mzima. Mungu akujalie miguu isiyopoteza hatua, na siku mstari utakapogeuka, ukukute bado umo.