Kabichi za Mama Wakesho

Nakumbuka asubuhi moja kule Chawia, nikiwa kijana fundi wa tovuti, nimekaa na kompyuta yangu kwenye banda la wakulima, jasho likinitoka ilhali milima bado ina ukungu. Mwanangu, kabichi zilikuwa zimekwisha kukatwa. Mnunuzi kutoka Mombasa angesimamisha lori lake Miasenyi, kule chini barabara kuu, saa nne, afungue tovuti niliyoijenga, aone nani ana mzigo. Asipoona kitu, angegeuza. Tulimpigia simu, hakupatikana.

Tovuti yangu ilikuwa na picha zinazozunguka na herufi zinazocheza. Ilitegemea programu ya nyongeza ambayo kila anayeifungua sharti awe nayo kwenye kifaa chake, nami nilitamba nayo Voi nzima. Kizuri chajiuza, changu nilikitembeza mwenyewe. Asubuhi hiyo, kila simu ya mkulima ilionyesha kisanduku cha kijivu, kitupu.

Mama Wakesho, mwenyekiti wao, alinisogezea simu yake ndogo ya vibonye.

"Ulijaribu kwa simu ya nani?"

"Kwa kompyuta yangu, Mama."

"Basi kaiuzie kompyuta yako kabichi."

Watu walicheka. Mimi sikuweza. Ilikuwa saa tatu.

Nikafuta mapambo yote. Nikajaribu JavaScript, lugha ya kuupa ukurasa uhai, simu nyingine ziliielewa, nyingine ziliikataa. Nikabaki na HTML tupu, maandishi ya msingi ya ukurasa: jina, idadi ya magunia, kitufe cha kutuma. Kila nilipobadilisha mstari, Mama Wakesho alifungua kwa simu yake.

"Bado," akasema. Tena, "Bado." Kisha, "Imefunguka. Haya, jiandikisheni, mimi nitafuata."

Lori likapanda mlima, likajazwa kwa kufuata orodha ile. Mama Wakesho aliandikishwa wa mwisho, kwa simu ya jirani, kwa kuwa simu yake ilikwisha chaji kwa kunijaribia. Lori lilijaa kabla ya kumfikia. Jioni nilimkuta akiwakatia mbuzi kabichi zake zilizobaki. Hakunilaumu. Alinipa moja, nikapike.

Mwanangu unayejenga tovuti leo, nguo ya kuazima haisitiri matako. Usiuegemeze ukurasa wako juu ya kitu ambacho mgeni wako hana. Anza na kile ambacho simu dhaifu kabisa itakifungua, kisha wapambie wenye uwezo wa kuona mapambo. Na kabla hujaisifu kazi yako, itazame mkononi mwa yule atakayeumia isipofunguka.

Mungu aibariki mikono yako, akuepushe na kabichi ya kupewa kama ile. Nilishindwa kuila.