Mahari Iliyosubiri Benki

Baba yangu alipandishwa daraja mara moja tu maishani mwake, na aliyepata habari hiyo ni kodi peke yake. Mshahara haukuambiwa. Kwa miaka kadhaa alikatwa kodi ya mwalimu mkubwa huku akilipwa mshahara wa mwalimu mdogo, na kwa kuwa alifundisha hesabu, aliliona kosa hilo tangu mwezi wa kwanza. Aliandika barua, akaandika tena, akapewa pole. Alipostaafu, mwaka 2012, ndipo ofisi moja ikakubali kwamba kweli alikatwa kupita kiasi, na kwamba kilichozidi kitarudishwa moja kwa moja kwenye akaunti yake ya benki. Asihangaike kufuatilia. Akae nyumbani tu, asubiri.

Mtu mwingine angezipangia fedha hizo mabati au pikipiki. Baba alisema siku ile ile, mbele yetu sote pale nyumbani Titye, "Hiyo ni ng'ombe ya Kibondo."

Hapo lazima nieleze. Mama yangu ni wa Kibondo. Baba alipomwoa alitoa ng'ombe wote wa mahari isipokuwa mmoja, wa mwisho, akaahidi kumpeleka baada ya mavuno. Mavuno yakaja, nami nikaja, wakaja wadogo zangu, zikaja ada, na kila ng'ombe aliyekaribia kwenda Kibondo aliishia shuleni au hospitalini. Ndugu wa mama hawakumtukana kwa hilo. Walikuwa na upole wao uliouma kuliko tusi. Kila kulipokuwa na shughuli kule ukweni, kigoda cha baba kiliwekwa mlangoni, na mrija wa pombe ya ndizi ulimfikia wengine wakishakunywa. Nilimwona hivyo nikiwa mtoto, mwalimu aliyeogopwa na shule nzima, amekaa mlangoni kuku wakimpita miguuni. Nyumbani mama alimtania. "Mimi bado mali ya mkopo," alikuwa akisema. "Ukinikaripia, narudi dukani." Sisi tulicheka, baba hakucheka.

Miaka hiyo ya kungoja mimi nilikuwa nashona sare za shule Kasulu mjini, nyuma ya soko, kwa hiyo safari zake za benki nilizishuhudia. Kila mwisho wa mwezi alishuka kwenye bodaboda akiwa na koti lake la kufundishia, kalamu mfukoni, akaenda kupanga foleni kwenye mashine ya fedha. Kisha alikuja kwangu, akakaa kwenye benchi la wateja, nikamwagizia chai na chapati. Nilikanyaga cherehani yangu nikimtazama anavyokikunja kile kikaratasi cha salio, akikikunja na kukikunja mpaka kikawa kama punje ya hindi.

"Bado wanahesabu," alisema.

Hakusema hata siku moja kwamba fedha hazijaingia. Kwake yeye, mwanafunzi aliyechelewa kuleta jibu huenda alikuwa anahakiki kazi yake, na aliwapa watu wa ofisini heshima hiyo hiyo. Mimi nisingewapa. Hasira zangu ziko karibu, watu wa Kasulu wanalijua hilo. Siku moja nilifunga kibanda nikaenda mwenyewe kuuliza, nikaambiwa faili liko mezani. Nikauliza meza ya nani. Nikaambiwa, dada, wewe si mhusika, mwambie mzee aje. Mzee alikuwa ameshakuja mara nyingi kiasi kwamba mlinzi alikuwa akimwamkia kwa jina.

Wadogo zangu nami tukaamua kuchanga tununue huyo ng'ombe tumalize aibu. Niliyepeleka ujumbe ni mimi, na sijawahi kumwona baba amekasirika namna ile bila kupaza sauti.

"Mke ni wangu," alisema. "Mkimlipia ninyi, nitakuwa nimeozwa na wanangu. Kigoda changu kitabaki pale pale mlangoni."

"Baba, nani atajua?"

"Mimi."

Nikamgeukia mama anisaidie. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Mwache," alisema. "Aliahidi yeye."

Mwaka 2013 alipigiwa simu na kijana wa ofisini. Akaambiwa, mzee, mwezi huu zinaingia, tulia. Basi baba, aliyetufundisha tangu utotoni kwamba jibu haliandikwi kabla ya kufanya hesabu, akaliandika. Alikwenda Heru Juu akachagua mtamba mwekundu mwenye doa jeupe usoni, wakapatana bei na mwenye ng'ombe. Kisha akatuma salamu Kibondo kwamba ng'ombe anakuja, wapike pombe. Kwa ndugu wa mama ng'ombe wa mwisho hapokelewi midomo ikiwa mikavu. Ndizi zinavundikwa, pombe inatengenezwa, ukoo unaitwa ushuhudie. Na pombe ya ndizi ikishaiva haina subira, haijui mambo ya benki.

Mwezi ukaisha, akaunti iko vile vile. Watu walikusanyika Kibondo, wakaitazama njia, wakainywa ile pombe kabla haijachacha. Jioni mjomba wangu, kaka yake mama, akapiga simu. Baba aliweka sauti ya wazi kwa sababu masikio yake yalikuwa yameanza kumchosha, kwa hiyo sote tulisikia.

"Shemeji, watu wamekunywa, wameuliza, wameondoka."

"Nimesikia, shemeji," baba alisema.

Basi, ni hayo tu. Baada ya siku hiyo hakukanyaga Kibondo tena. Hata dada yake mama alipofariki, mama alikwenda kuzika peke yake, akasema mumewe ana homa. Yule mtamba wa Heru Juu akauzwa kwa mwingine, na siwezi kumlaumu mwenye ng'ombe. Baba aliendelea kwenda mjini kila mwisho wa mwezi. Mama alimwekea maji ya kuoga aliporudi, akampakulia, na ule utani wa mali ya mkopo aliuacha kabisa. Hapo ndipo nilipojua kwamba mambo yameharibika.

Baba aliugua kifua wakati wa masika ya 2014. Tulimpeleka hospitali, tukarudi naye, tukampeleka tena. Simu aliilaza chini ya mto, maana benki ilikuwa imeanza kutuma ujumbe fedha zikiingia. Siku ya mwisho, mchana, ilitoa mlio wa ujumbe, akaninyoshea mkono nimpe, lakini macho yalimshinda, akanirudishia.

"Soma."

Ulikuwa ujumbe wa kampuni ya simu, wa bahati nasibu, ukimshawishi ajaribu kushinda gari.

"Si wao, baba."

"Soma vizuri."

Nikausoma wote, mpaka lile gari. Alifumba macho kama aliyekuwa akinisikiliza nikisoma darasani na kuona nimesoma sawa. Alifariki kabla ya jua kuzama. Nililia kwa uchungu, na kwa hasira pia, na mpaka leo sijui ipi ilitangulia.

Wajomba walikuja kuzika. Walichimba, walibeba, walikula walichopewa, na hakuna aliyetaja ng'ombe. Nilijiandaa kwa maneno, nikawa nimeshapanga na majibu yangu makali, wao wakanyamaza. Mama aliusikia ukimya ule kuliko sisi. Niliona jinsi alivyowatazama wakiondoka.

Matanga yalipokwisha, aliuza shamba lake la bondeni. Lilikuwa lake kweli, alilinunua kwa maharage yake mwenyewe, na ndilo lililotulisha miaka mibaya. Hakutuuliza. Nilipofika Titye nilikuta ng'ombe amefungwa nyuma ya nyumba, mtamba mwekundu. Doa usoni hakuwa nalo.

"Mama, umefanya nini?"

"Kesho kuna Fuso inakwenda Kibondo kuchukua mahindi. Utanisindikiza."

Tulikaa mbele na dereva, ng'ombe nyuma. Vumbi la barabara ile mtu akilipitia mara moja hulikumbuka siku zote. Dereva, kijana mchangamfu, akamwuliza mama kama tunampeleka mnadani.

"Hapana, mwanangu. Tunakwenda ukweni."

"Kumbe bibi umeolewa Kibondo?"

"Kwetu ndiyo Kibondo," mama alisema. "Ukweni kwa Mwalimu."

Dereva akanitazama mimi. Nikatazama barabara.

Kule walikuwa wamepika pombe, kwa kuwa mama alituma salamu, na safari hii ng'ombe alitangulia. Mjomba, mzee sana sasa, alimzunguka yule mtamba, akamshika nundu, akamshika pembe. Mbele ya ukoo akauliza kama inavyopasa, "Hii ng'ombe imetoka kwa nani?"

"Kwa Mwalimu," mama alisema.

"Zile pesa ziliingia?"

"Ziliingia."

Hakunitazama, na mimi sikufungua mdomo, jambo ambalo si kawaida yangu. Mjomba akaenda mlangoni kwa hatua zake za kizee, akakiinua kile kigoda, akakiingiza ndani mpaka katikati, karibu na chake. Mrija wa kwanza aliuelekeza pale. Hakuna aliyekikalia kigoda siku nzima, watoto walipokisogelea walifukuzwa. Mama alikula vizuri, akacheka na wifi zake. Alilia tulipokuwa njiani kurudi, na alilia mpaka tukafika Kasulu.

Nilidhani yameisha. Lakini kila wiki aliipeleka simu ya baba kuchajiwa kwenye kibanda cha barabarani, na kila alipopata shilingi aliitilia vocha ili laini isifungwe. Nikamwambia, kwa ule ukali wangu, "Mama, si uliwaambia zimeshaingia?"

"Niliwaambia wao," alisema. "Mwalimu bado anasubiri."

Zikaingia. Ilikuwa 2015, niko Titye tunavuna maharage ya shamba la nyumbani, simu ikalia kwenye ukingo wa mkeka alipokuwa ameiweka. Mama hajui kusoma. Alinipa kwa mikono miwili.

Nilisoma kimoyomoyo. Kilichorudishwa kilikuwa bei ya mbuzi. Mbuzi mzuri, tuseme, na chumvi ya kumlia. Labda walirudisha kipande tu. Labda baba, kwa mara ya kwanza, alikosea hesabu. Nilichokiona mimi ni lile koti kwenye foleni, na pombe ya Kibondo, na kigoda mlangoni, na kwamba hata kama zingeingia siku ile aliyoahidiwa, mtamba wa Heru Juu asingetoka kwa mwenye ng'ombe.

"Ni wao?" mama aliuliza.

"Ni wao. Zimeingia."

"Zinatosha ng'ombe?"

Alikuwa amesimama na ungo mkononi, maganda ya maharage yamemganda kwenye kanga.

"Zinatosha, mama," nilisema. "Na chenji inabaki."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Nilijua. Mwalimu hakuwa mtu wa kukosea hesabu." Kisha akasema tusizitoe, tusihangaike na mahakama ya mirathi, tuziache huko huko kwa jina lake. Akaizima simu, akaifunga kwenye pindo la kanga, akarudi kupepeta maharage.