Sufuria Isiyoonjwa

Kutoka Tanga hadi Johannesburg nilikwenda kwa mabasi, nikiyabadilisha kama mtu anavyobadilisha mashati. Tunduma nililala juu ya begi langu. Lusaka nilikusudia kupita tu, nikakaa wiki nzima kwa sababu jirani wa nyumba ya wageni alipika maharage yaliyonikumbusha ya mama. Mpakani Beitbridge foleni ilikuwa ndefu kiasi kwamba watu ambao asubuhi hawakujuana, kufikia jioni walikuwa wameshagombana na kupatana. Nilishuka Park Station, Johannesburg, mwaka 2015, nikiwa na miaka arobaini na kitu, cheti cha kidato cha nne, na hamu ya kurudi nyumbani iliyoanza kabla sijafungua mlango wa basi. Mimi ndivyo nilivyo. Nikiwa Tanga naitaka safari, nikiwa safarini naitaka Tanga.

Nilipata chumba Bertrams, nikichangia na fundi cherehani kutoka Lubumbashi. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na fundi wa kweli wa suruali za kanisani. Mimi niliendesha pikapu, ambayo kule huitwa bakki, nikipelekea watu vyakula kutoka duka la jumla la Mayfair. Siku moja nilikuwa nimeegesha mbele ya nyumba moja, nikibishana kwa simu na dada yangu kuhusu paa la nyumba ya wazazi. Dirisha likafunguka.

“We mtoto wa Tanga,” sauti ya kike ikasema, “punguza sauti. Na huyo dada yako anasema kweli, bati la zamani halifai.”

Nikageuka. Alikuwa bibi wa Kihindi, mfupi, nywele nyeupe zimefungwa kisogoni. Alizaliwa Korogwe, akaishi Tanga kwenye duka la nguo la mumewe, na walihamia Johannesburg uzeeni kuwafuata watoto. Kila mtu alimwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati, nami nikamwita hivyo hivyo. Tangu siku ile kila mzigo wa Mayfair niliuacha wa mwisho, ili nipite kwake tuzungumzie mabaraza ya Ngamiani na machungwa ya Muheza.

Ndipo nikajua habari ya nadhiri yake. Kila mwaka kundi la Wahindu wa Lenasia, kusini mwa jiji, hutembea kwa miguu alfajiri mpaka hekalu la zamani upande wa kaskazini. Ni hija yao. Wanapita Mayfair, na ua wa Ba ulikuwa kituo chao cha kupumzika na kula. Zamani mumewe alipougua moyo, Ba aliahidi mbele ya Mungu wake kwamba mzee akipona, atawalisha mahujaji hao miaka saba mfululizo bila kukosa. Mzee alipona, akaishi, akaja kufa kwa uzee wake. Ahadi ilibaki, na ule ulikuwa mwaka wa saba.

“Magoti yamekataa,” aliniambia. “Watoto wanasema niagize chakula hotelini. Chakula cha hotelini si ahadi yangu. Wewe si ulikuwa unapika harusini?”

“Pilau, Ba. Pilau ya watu mia mbili.”

“Basi utamenya viazi. Na mlete mwenzako mwenye mikono.”

Mwenzangu mwenye mikono alikuwa yule fundi. Siku ya hija tulifika kukiwa bado na ubaridi, naye Ba akatupokea mlangoni, taulo begani, akatusomea sheria za jiko lake. Tuoge kwanza, ingawa tulishaoga. Hakuna kitunguu, hakuna kitunguu saumu. Hakuna kusema watu wasiokuwepo. Hakuna kukasirika, kwa sababu hasira huingia kwenye chakula na mahujaji wataibeba njia nzima. Na asiyejua kuimba, aimbe kimoyomoyo.

“Mukubwa,” fundi aliniambia pembeni, “kama hatuseme watu, tutasema nini?”

Mimi nilikuwa namenya viazi huku nimenuna, nikiwaza chakula kisicho na kitunguu ni kitu gani mbele ya watu. Ba, aliyekaa kwenye kigoda kwa ajili ya magoti yake, akaniona.

“Mikono yako iko Mayfair,” alisema, “uso wako uko harusini, unangoja wakusifu. Hapa mtu hapiki ili asifiwe. Wakila, sisi tutakuwa nyuma tunaosha sufuria. Menya kiazi kama unamsaidia mtu kuvua viatu baada ya safari ndefu.”

Nilikumbuka Beitbridge, na jinsi ambavyo ningemshukuru yeyote ambaye angenivua viatu siku ile. Nikaanza kumenya taratibu. Baada ya muda nikajikuta naimba wimbo wa shule ya msingi, na fundi akaitikia na wa kwaya yao. Ba aliimba wa kwake puani. Nyimbo tatu hazikupatana hata kidogo, lakini viazi vilikwisha bila mtu kuhisi.

Sheria moja Ba hakuitaja, nadhani kwa sababu kwake haikuhitaji kutajwa, sawa na mtu asivyokwambia usiweke viatu mezani. Chakula kile kilikuwa kwanza cha Mungu. Kikiiva, Ba angekipakua kidogo, aweke juu jani la mtulasi, ndugu wa mrihani wa kwetu, akipeleke mbele ya sanamu ndogo iliyokuwa kwenye kabati la sebuleni. Baada ya hapo ndipo watu wale. Kabla yake hakionjwi na mtu yeyote.

Viazi na njegere vilikuwa vinatokota kwenye sufuria kubwa kuliko zote nilizoziona Afrika Kusini. Simu ya Ba ikalia. Mahujaji walikuwa wanapita Nasrec, wangefika baada ya saa mbili hivi. Alipokata simu na kugeuka, fundi alikuwa ameinama juu ya sufuria na upawa mdomoni.

“Chumvi haitoshe, Mama,” alisema kwa moyo mweupe. “Ongeza kidogo.”

Kisha akaurudisha upawa ndani.

Ba alifumba macho. Mkono wake ulishika ukingo wa kigoda. Kwa sauti ya chini alitueleza kosa lilikuwa nini, neno kwa neno, kama anayemweleza mtoto, na kwamba sufuria ile haiwezi tena kwenda mbele ya Mungu wala mbele ya mahujaji. Mwaka wa saba. Viazi vingine havikuwepo. Nilifungua mdomo nimpe fundi vidonge vyake, Ba akainua kidole.

“Humu jikoni hatugombani. Nendeni mkagombane barabarani, mrudi.” Akaanza kuimba wimbo wake tena, huku ameyauma meno.

Tukaibeba ile sufuria mimi na fundi mpaka kwenye roboti, yaani taa za barabarani, tukawapakulia walinzi wa maduka, wauza soksi na kila aliyekuwa na kopo.

“Kila mpishi duniani anaonja!” fundi alisema, akimjazia mlinzi sahani.

“Wewe si mpishi, wewe ni cherehani!”

“Na wewe ulinyamaza sababu gani? Ulikuwa unajua?”

Sikuwa najua. Mimi mwenyewe ningeonja dakika mbili baadaye, kwa kijiko kikubwa zaidi. Tulicheka hapo hapo kwenye roboti. Mlinzi alikula, akasema chumvi imekaa sawa.

Tuliporudi Ba alikuwa ameshatoa kabatini kila alichokuwa nacho: mchele, choroko, tangawizi, bizari. Tutapika kichri, alisema, mchele na choroko pamoja, chakula cha wagonjwa na wasafiri. Tukaisugua sufuria mpaka ikang'aa. Ba alinipa moto niusimamie, na viungo akampa fundi.

“Mimi, Mama? Baada ya ile?”

“Wewe hasa. Sasa ndiyo unaogopa. Ni vizuri kuogopa kidogo.”

Fundi alifanya kazi ile akiwa amekaza midomo kama mtu aliyebeba maji ya mtu mwingine. Mvuke ulipompanda alirudi nyuma, asije akaunusa kwa tamaa. Kichri ikaiva huku ngoma ndogo za mahujaji zikisikika kona ya barabara. Ba alisimama, magoti yale yale, akapakua, akaweka jani, akaenda sebuleni. Tulisikia kengele ndogo. Alirudi na uso mwingine kabisa.

Sisi tulikaa uani nyuma, mikono kwenye sabuni. Fundi alitaka kuchungulia aone wanakulaje, Ba akamchapa kwa taulo. Sahani zikaanza kurudi. Zilirudi tupu, zimefutwa kwa vidole, moja baada ya nyingine, na wengine waliomba tena. Kisha ngoma zikaelekea kaskazini.

Ba akapakua masalio, tukala sisi watatu tumekaa chini. Alitafuna tonge la kwanza. Akatafuna tena.

“Mwanangu,” alimwambia fundi, “uliweka chumvi kiasi gani?”

Fundi akatazama sahani. “Niliogopa, Mama. Sikuweka.”

Ba alicheka mpaka akashika magoti. Watu wote wale wametembea kutoka Lenasia, wamekula chakula kisicho na hata punje ya chumvi, wakafuta sahani, na hakuna aliyesema neno. “Hao walikuja wakiwa na moyo wa hija,” alisema akijifuta macho. “Nadhiri yangu imefika.”

Mwaka uliofuata Ba alihamia Durban kwa binti yake. Mayfair ikawa mtaa tu wa kupeleka mizigo. Nilijaribu Malvern, nikajaribu Soweto, miguu ikaanza kuwasha, na baada ya vurugu za 2019 dhidi ya wageni nilikata tiketi ya kurudi. Ba alinipigia simu akaniagiza nimsalimie Korogwe, mji mzima.

Fundi alinisindikiza Park Station, amebeba bakuli la sombe, yaani kisamvu, na bukari, ugali wa kwao, vimefungwa kwa kitambaa cha suruali. Basi lilikuwa limeshawasha injini.

“Sikuonja,” alisema, akinikabidhi kwa mikono miwili.

Nililifungua bakuli tulipopita Pretoria. Nikampakulia kwanza mama aliyekaa jirani yangu, ndipo nikala. Safari hii, ili asikosee tena, fundi alikuwa ameweka chumvi ya sufuria mbili. Nilikula yote, tukanywa maji na yule mama mpaka Musina.