Santuri Iliyoanikwa Juu ya Jiwe

Enzi zetu muziki ulikuwa na uzito. Uliushika kwa mikono miwili, ukaupangusa kwa kitambaa laini, kisha ukasubiri sindano ishuke. Weee! Ule mkwaruzo mdogo kabla ya wimbo kuanza, mpaka leo ukinifikia masikioni nasisimka kama mtoto aliyeona nguo mpya ya sikukuu.

Sasa hivi santuri za jazi zimejaza ukuta mzima wa sebule yangu hapa Mkolani, na ugonjwa huu niliurithi kwa Baba. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kivuko pale Kigongo. Wenzake walipenda bendi za dansi za kwetu. Yeye alipenda jazi ya ng'ambo, tarumbeta na piano, isiyo na hata neno moja la kuimba. Jumapili mchana, tukishamaliza ugali na sato, alijifungia sebuleni na santuri zake. Mimi na dada yangu Kabula tulibaki tumebandika masikio mlangoni.

Jumamosi moja Baba alikuwa zamu, Mama kaenda mnadani. Kabula alikuwa na miaka kumi, mimi minane. Tukaingia sebuleni, tukachomoa ile santuri aliyoipenda kuliko zote. Gramafoni hatukuthubutu kuigusa. Tukaipeleka santuri nyuma ya nyumba, tukailaza juu ya jiwe kubwa, tukaipiga kwa vinywa vyetu: Kabula tarumbeta, mimi ngoma ya sufuria. Watoto wa jirani wakaja wakacheza mpaka vumbi likatimka! Kisha mmoja akaleta mpira wa soksi, mchezo wa rede ukaanza, na santuri tukaisahau kwenye jua la Mwanza.

Tuliporudi ilikuwa imejikunja ukingoni kama chapati iliyokaangwa vibaya.

Mimi nilitaka tuifiche chini ya kitanda. Kabula akakataa. "Limi, Baba atajua tu. Tumwambie wenyewe."

Baba aliporudi tukampa shikamoo, tukamwonyesha. Nilishajiandaa kwa fimbo. Alikaa kizingitini, akaigeuza santuri mkononi, akasema taratibu, "Si mngeniomba, wanangu."

Fimbo isingeuma kama maneno hayo. Kabula akafuta machozi, akasema, "Baba, twende kwa Mzee Hasham."

Mzee Hasham aliuza vioo na fremu za picha mjini, na picha zilizojikunja alizinyoosha yeye. Babu yake alitoka Bara Hindi, lakini Kisukuma alitushinda sisi wenyewe. Akaitazama santuri kwa jicho moja kama anayelenga ndege.

"Iliharibikia wapi?"

"Juu ya jiwe, babu," nikamjibu. "Juani."

Akaangua kicheko. "Basi jiwe hilohilo litaitengeneza!" Akampa Baba vioo viwili vinene. "Ibaneni katikati, muianike mpaka ilainike. Kisha iwekeni kivulini na vioo vyake, ipoe kabisa. Atakayefungua mapema, kaiua."

Jumapili ile familia nzima tulikaa kulizunguka jiwe kama tunaangua mayai. Mama alileta michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, hakuna aliyekula. Kila dakika nilimuuliza Baba, "Bado?" naye ananijibu, "Bado." Ilipohamia kivulini ndipo subira ilipotutoa jasho hasa. Hatimaye Baba akainua kioo cha juu.

Imenyooka!

Sikuwahi kumwona Baba akikimbia. Siku hiyo alikimbia. Akaacha mlango wazi, akaita, "Ingieni nyote!" Sindano ikashuka. Tarumbeta likayumba kidogo, kama kivuko kinapopigwa na wimbi, kisha likasimama wima na kupaa. Kabula alipiga kelele. Baba alimshika Mama mkono, wakacheza mpaka kanga ya Mama ikadondoka, na Mama hakuiokota. Tangu Jumapili hiyo mlango wa sebule haukufungwa tena.

Siku hizi Kabula anaishi Busisi. Ng'ambo ile tuliyokuwa tukiisubiria kivuko kutwa, leo daraja linakuvusha hata hujamaliza kusimulia jambo. Vijana wetu nao wanavuka nyimbo vivyo hivyo: kidole kimoja, wimbo mwingine. Muziki wa dunia nzima wanao mfukoni, na sijui kama kuna wimbo hata mmoja wanaoumaliza.

Jumapili iliyopita nilimpelekea Kabula santuri niliyoipata karibuni, ya piano tupu. Mjukuu wake akasimama karibu na gramafoni, akasikiliza kidogo, akasema, "Bibi, ruka mpaka pale panaponoga."

"Pote pananoga," nikamwambia. "Kaa hapa."

Akakaa, kweli, tena akaanza kutikisa kichwa. Kisha simu yake ikalia, akatoka nayo nje. Tulimsubiri kidogo. Piano ilipomalizika, Kabula aliinuka mwenyewe, akageuza upande wa pili.