Baiskeli ya Theluji ya Elsi

Siku seremala Melk alipomwona Elsi Brawand kwa mara ya kwanza, Elsi alikuwa akiteremka mlimani na mfuko wa barua mgongoni, amekalia baiskeli ya mbao isiyo na magurudumu wala pedali. Ilikuwa na mbao mbili tu za kuteleza, na breki zilikuwa visigino vyake.

"We seremala, ondoka njiani. Au umeganda?"

Kwa majira mawili ya baridi Elsi alimfundisha kuiendesha: ukate kona kwa kuinama, usimame kwa kukita visigino. Melk akampenda, asiweze kusema. Akamchongea mpya. Kijijini kwao, mwanamume akimchongea mwanamke baiskeli bila kuombwa, anaposa.

Elsi aliikalia. Miguu iligusa theluji sawasawa.

"Umenipima lini?"

"Kwa macho tu."

Akashuka taratibu, akamrudishia usukani. Wiki hiyohiyo alihamia bondeni, na maneno yake ya mwisho kwa Melk yakawa haya:

"Miaka miwili nimekungoja ufungue mdomo, Melk. Jumapili nilimkubalia posa mwoka mikate wa bondeni."