Igisura ya Mama Mkwe

Miguu ya mama mkwe wangu ilipoanza kuvimba, alipanda hadi Bugeshi, milimani huku kwetu Rwanda, akarudi na furushi la igisura, yale majani yanayowasha ukiyagusa.

"Hii inakojolesha mutu sana," alisema. Yeye alizaliwa Kongo. Mimi nilikulia Tanzania, nafundisha biolojia.

"Twende kwanza kwa daktari, mama. Haya hayajapimwa."

"Bon. Pima basi!"

Mume wangu, karani mpole asiyejua kukataa, ndiye aliyepimwa. Jumamosi ya kwanza angekunywa glasi tatu za maji. Ya pili, glasi tatu za igisura iliyochemshwa. Kila akienda haja ndogo, akojoe kwenye jagi nililonunua sokoni, mimi niandike limejaa mara ngapi.

Siku ya maji, jagi lilijaa mara tatu. Siku ya igisura, mara moja na nusu. Nilimsomea mama mkwe matokeo kwa sauti ya darasani. Hakunitazama mimi, alimtazama mwanawe.

"Maji haiwezi fanya vile. Ulikunywa nini?"

Mume wangu alikuna kisogo. Jumamosi ile alikwenda kwa jirani kutazama mpira, na huko akanywa bia. Ngapi? Nne. "Sikujua kwamba bia nayo inahesabiwa," alisema.

Tulirudia yote. Safari hii mama mkwe aliweka kigoda mlangoni akakaa hapo kutwa nzima, Jumamosi zote mbili. Igisura ikayashinda maji kwa nusu jagi. Nilipotamka hivyo, alisimama na miguu yake iliyovimba akapiga impundu, vile vigelegele vya mtoto anapozaliwa.

Majirani walikuja mbio kunipongeza.

"Mutoto iko wapi?" aliuliza mmoja.

"Hakuna mutoto," mama mkwe alijibu, akiinua jagi. "Ni bwana yake. Amekojoa!"

Mume wangu alijifungia chumbani mpaka walipoondoka.

Jumatatu, kwa kuwa nilikuwa nimekubali kushindwa, mama mkwe naye alikubali kwenda kituo cha afya. Shinikizo la damu lilikuwa juu. Muuguzi alimpa vidonge, akamwonya asivichanganye na majani yoyote. Mama mkwe alimsikiliza kwa adabu, akakigeuzageuza kidonge kiganjani.

"Na hii," akamuuliza, "mulipimia kwa bwana ya nani?"